Mafiga ya Bibi Mbele ya Kamera

Wajukuu wangu wameacha kuniita wanapoangalia filamu. Wanasema bibi ana maneno. Ni kweli, ninayo. Mtu akinikalisha mbele ya kioo saa nzima, nami nimeacha mboga jikoni, nina haki ya kusema alichonilisha. Filamu zao za kutisha nazicheka: damu ya rangi, mlango unaolia wenyewe, msichana anayeingia peke yake chumba ambacho hata kuku angekikwepa. Filamu zilizotolewa kwenye hadithi zinanikera zaidi, maana ukichukua hadithi ya mwenzako uichukue na mkia wake, usikate panapouma. Lakini zile wanazoziita za kweli, zenye sauti nzito ya mtu asiyeonekana anayekueleza unachokiona kwa macho yako mwenyewe, hizo zinanichemsha damu. Sitaki kutulizwa, na umri wangu hauna dawa ya jambo hili. Hasira hiyo ina mwaka wake, na mwaka huo ulinirudia majuzi nikiwa nimeshika tonge.

Nilikuwa Nyasura, pale Bunda, tumekwenda kumaliza matanga ya Masatu. Masatu alikuwa fundi wa sinema wa ofisi ya wilaya, na mimi katika ujana wangu nilikuwa mfasiri wake kwa mwaka mmoja tu. Tuliokuwa tumebaki wa umri wetu tulikalishwa sebuleni, tukaletewa ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, na samaki sato wa kuchemsha kwa nyanya, wamepika vizuri. Mjukuu wake, kijana wa chuo anayeitwa Maiga, akaingia na kompyuta yake, akaiunganisha na televisheni. Akasema, "Bibi, sogea hapa mbele. Kuna sinema ya zamani nimeipata kwa rafiki yangu wa Dar. Babu alikuwaga anaizungusha na wewe." Nilidhani ni mkanda wa kilimo cha pamba. Kisha filimbi ikalia, sauti ikaanza, nikaitambua kabla haijamaliza neno la kwanza. Tonge nikalirudisha kwenye sahani.

Mwaka huo ni mwaka wa kuhamia vijijini, wa watu wetu kutolewa kwenye miji yao ya ukoo iliyotawanyika na kupangwa kwa mistari. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ofisi ilinichukua kwa sababu nilijua Kijita cha nyumbani na Kiswahili cha redio, na kwa sababu sauti yangu haikutetemeka nilipopewa kipaza sauti. Nilipanga chumba Musoma mjini, nyuma ya nyumba ya mama mmoja aliyeuza furu wakavu. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha moja, na harufu ya samaki iliyoingia hadi kwenye kurasa za daftari langu. Ukuta ulikuwa mwembamba. Jioni nilimsikia mama huyo akimwambia mumewe, "Wa kwetu Suguti wamepewa wiki moja wahame. Mtama uko shambani bado, wiki moja." Mume akajibu, "Ongea taratibu. Kuna mtoto wa ofisi upande wa pili." Mtoto wa ofisi ndiye mimi. Nililala chali nikisikiliza, na nikiri kwamba kilichonigusa usiku ule hakikuwa mtama wao bali raha ya kuogopwa.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Gari la sinema lilikuwa Landrova yenye jenereta, projekta, shuka kubwa jeupe na spika mbili juu ya paa. Masatu alizungusha mikanda, na Kiswahili cha ile sauti kilipopita mimi nilikamata kipaza sauti nikasema yale yale kwa Kijita. Tulionyesha viwanjani giza likiingia, na pale Bunda tulionyesha hata mchana, ndani ya ghala la pamba, madirisha yamezibwa kwa magunia na watu wamekaa juu ya robota. Ukitoka pale nywele zimejaa nyuzi nyeupe. Masatu alikuwa mtu mwembamba, ananizidi miaka kumi hivi, mpole kupita kiasi. Hakugusa mkanda kabla ya kunawa mikono. "Mkanda hauharibiwagi na vumbi," alikuwa akiniambia, "unaharibiwaga na vidole vya watu." Nilimwita kaka, na alikuwa kaka kweli. Siku za njaa alinigawia muhogo wake wa kuchoma bila kusubiri niombe.

Ni yeye aliyenipeleka kuona filamu ya kutisha kwa mara ya kwanza, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa sinema pale Musoma. Ilikuwa ya Wazungu. Maiti mmoja aliyevaa suti alitoka kwenye sanduku lake na kwenda kunyonya watu damu shingoni, kila akimaliza anajifuta mdomo kwa kitambaa. Ukumbi mzima ulipiga kelele. Masatu alikuwa ameshika kofia yake usoni, anachungulia kwa pembeni. Mimi nilicheka mpaka mtu wa kiti cha mbele akageuka kunikaripia. Maiti kutoka kwenye sanduku kuna ajabu gani? Babu yangu alizikwa hatua nane kutoka mlango wa Bibi yangu, na kila asubuhi Bibi alimpa habari za mvua, za ng'ombe, za mimi. Alipopika alimmegea. Marehemu wetu walikuwa uani, hawakumwingilia mtu shingoni, na kama walikuwa na hasira walikuwa na sababu. Hadi leo ndiyo kauli yangu kuhusu filamu za kutisha: zinaogopa watu wasiostahili kuogopwa. Hata hivyo nazipa heshima moja. Zinakuambia mapema kwamba zimekuja kukutisha, nawe unalipa ukijua. Filamu iliyonitisha mimi ilikuja na filimbi na jua.

Katikati ya mwaka alikuja mtu wa kamera kutoka Dar es Salaam, jina lake Salum, na wasaidizi wawili. Alikuwa na miwani ya jua na kicheko chepesi, na alisema nami kama mtu mzima. Kwanza alitaka hadithi ya wenyeji aitengenezee filamu fupi. Nikampa hadithi ya Bibi, ile aliyotusimulia tukipura mtama: msichana wa kando ya ziwa anaolewa na mgeni mwenye ng'ombe wengi, kumbe mgeni ni kiboko. Msichana anatoroka, anafika kwao amelowa, na wazazi wake, kwa kuwa ng'ombe wameshaingia zizini, wanamrudisha majini. Hapo ndipo inapoishia. Tulipoisikia utotoni, Bibi hakutusaidia kwa neno lolote la faraja. Salum aliipiga picha pale Suguti kwa siku tatu. Kwenye filamu yake vijana wa kijiji wanafanya mkutano, wanamuua kiboko kwa pamoja, nyama inagawanywa sawasawa, na msichana anaandikishwa kisomo cha watu wazima. Tulipoionyesha, Bibi alikuja, akatazama hadi mwisho, akasema, "Huyo siyo wangu. Wangu hakupokelewa." Watu walimcheka, nami nikacheka nao, maana Salum alikuwa amesimama karibu. Laiti ningekasirika siku ile. Mtu anayebadilisha mwisho wa hadithi mbele yako anakuonyesha mkono wake, na mimi niliuona nikautikisa.

Alikuwa ameniahidi jambo. "Msichana kama wewe anakaaje huku?" aliniuliza tukila ugali kwa ningu, samaki wa ziwa letu, kwenye mgahawa wa Musoma. "Dar kuna mafunzo ya utangazaji. Nikirudi nitaandika barua." Sijawahi kula ningu mtamu kama yule. Kuanzia hapo nilivaa gauni langu la kanisani kila alipokuwepo, na kila alichouliza nilijibu ndiyo.

Kisha ikafika zamu ya mji wa Bibi, nje ya Murangi. Mgambo walikuwa wamepita wiki iliyotangulia na kuezua nyumba tatu za waliokataa, kwa hiyo wengine hawakusubiri. Salum alitaka kupiga picha za familia ikihama kwa hiari, na mimi, kwa mdomo wangu, nilimwambia kwamba nina bibi anayehama kesho yake. Tulifika asubuhi. Bibi alikuwa ameshafunga mikeka na vyungu, na alikuwa amemaliza kuzungumza na babu, nilijua kwa macho yake. Kilichobaki ni mafiga, mawe yake ya jikoni. Kwetu, mama mwenye nyumba akihama hubeba mafiga yake matatu mwenyewe, wa mwisho kutoka, bila kugeuka nyuma. Mafiga yakishavuka kizingiti nyumba ile imekufa, na aliyeyabeba haingii humo tena nayo, kwa sababu kuyarudisha ni kuwapikia wafu na kukaa mezani pao. Sikufundishwa hilo kama somo. Nililijua kama nilivyojua kwamba moto unaunguza.

Bibi akatoka na mafiga kwenye ungo kichwani, mgongo umenyooka, uso mkavu. Alipita mbele ya kamera kama hakuiona. Salum akasema, "Simama. Hatukuwa tayari, jua limetupiga. Mwambie arudi ndani atoke tena." Nikamwambia Bibi. Akanitazama kwanza, akidhani nimekosea kutafsiri. Akasema, "Yameshatoka." Nikamwambia Salum, "Anauliza kama ni lazima." Uongo wa kwanza. Salum akasema ndiyo, ni lazima, nchi nzima itamwona. Nami nikamwambia Bibi maneno ambayo nimeyabeba hadi uzeeni: "Ni sinema tu, Bibi. Haihesabiki."

Alirudi. Aliinama pale mlangoni na mafiga yake, akaingia gizani, akatoka. Safari hii ungo uliyumba. Salum hakuridhika, maana msaidizi wake alikuwa ameonekana kwenye picha. Akamrudisha mara ya tatu. Masatu alikuwa ameegemea Landrova, akasema taratibu, "Mzee Salum, hawa watu hawarudigi na mafiga." Salum akanigeukia mimi, siyo yeye. "Nyangeta, kuna tatizo?" Nikasema hakuna. Bibi alikuwa amesimama kizingitini, mafiga kichwani, na machozi yalikuwa yameanza. Alisema nami kwa Kijita, kwa sauti ya kawaida kabisa, maneno mengi, akimaliza kwa jina langu. "Anasemaje?" Salum akauliza. Nikasema, "Amekubali." Basi akaingia kwa mara ya tatu, akatoka analia waziwazi, mdomo bado unasema, na Salum akaipata picha yake. Alinishika bega, akasema kazi nzuri.

Nimejiuliza mara nyingi ningepoteza nini kama ningesema. Kazi, labda. Barua ya Dar, ambayo haikuja kamwe. Vijana wananiambia zilikuwa nyakati ngumu, kila mtu aliogopa. Msinipe hicho kisingizio. Mgambo hawakuwepo asubuhi ile. Palikuwepo watu watatu na kamera, na Salum, pamoja na ubaya wake, aliniuliza kama kuna tatizo, akaniuliza na Bibi anasemaje. Nawakasirikia waliowatoa watu wakati mtama umesimama shambani, namkasirikia Salum, na bado hasira inabaki, nayo inajua nyumba yake ni wapi.

Filamu ilirudi miezi michache baadaye, imeshakatwa na kuwekewa filimbi. Onyesho la kwanza lilikuwa kwenye kiwanja cha kijiji kipya, kwa watu wenyewe waliomo ndani yake. Bibi alikaa mbele, mkekani, na jirani zake. Walipojiona walicheka na kutajana majina, wakamnyooshea kidole mbuzi wa fulani. Kisha akatokea yeye, mkubwa kuliko nyumba, anatoka mlangoni na ungo, analia. Sauti zake zote zilikuwa zimefutwa. Mdomo ulicheza, filimbi ikalia juu yake, na yule bwana wa sauti nzito akasema, "Bibi huyu hakuweza kuzuia machozi ya furaha." Kisha kikaja kile kimya kifupi kilichoachwa kwa ajili ya mfasiri. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Nikasema kwa Kijita, kwa spika mbili, kijiji kizima kikisikia, kwamba Bibi analia kwa furaha. Watu wote walikuwa wanatazama shuka. Bibi peke yake aligeuka nyuma, kuelekea kwenye gari, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akatulia hapo hadi mkanda ulipoisha.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Mafiga yale hakuyapikia kamwe, aliyaacha nje ya nyumba mpya kuku wakayadonoa, na kwa majuma kadhaa alikula kwa jirani mpaka alipookota mawe mengine ziwani. Nilipomtembelea alinipa chakula kama zamani, furu wa kukaanga na ugali wa moto. Lakini mgeni wa Kiswahili alipokuja, bwana shamba au mwalimu, nikafungua mdomo kumtafsiria, aliinua kiganja kunizuia, akasema mwenyewe kwa vile vipande vyake vya Kiswahili, akikosea kila neno. Kuanzia siku ile hadi alipokufa hakuniomba tena nimwambie mtu chochote.

Na filamu ikaendelea kuzunguka. Tukaipeleka Bunda kwenye ghala, tukaipeleka Butiama, ambako hawasemi Kijita na changu kiliwachekesha. Ni pale Bunda nilipomwona Masatu akifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mimi. Filamu ilipofika kwa Bibi, aliweka kiganja chake kisafi mbele ya lenzi. Shuka likawa jeusi. Watu wakanung'unika, naye akasema mashine imekwama, akahesabu pumzi chache, akaondoa mkono Bibi akiwa ameshapita. Alifanya hivyo kila mahali baada ya hapo, mpaka ofisi ikaandikiwa, akapewa barua ya onyo kwa uzembe. Mtu aliyenawa mikono kabla ya kugusa mkanda akaitwa mzembe, na hakujitetea. Je, mimi nilinyamaza lile shuka likiwa jeusi? Hapana. Sauti ya Dar ilisema sentensi yake gizani, nami nikaitafsiri gizani, kwa kuwa ndiyo kazi niliyopewa. Mwisho wa mwaka niliacha. Sikuacha kishujaa. Nilipata nafasi ya ualimu.

Basi pale Nyasura, sebuleni kwa Masatu, hakukuwa na mkono wa kuzuia lenzi. Bibi alitoka mlangoni kwenye televisheni ya mjukuu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na ungo wake. Msichana mmoja karibu yangu akasema, "Jamani, bibi wa watu, alivyofurahi." Sauti ikamthibitishia. Maiga akasimamisha picha, Bibi akabaki mdomo wazi. Akaniuliza, "Bibi, hapo anasemaga nini? Babu nilimuulizaga, akawa hajibu. Alisema nimuulize Nyangeta."

Kwa hiyo Masatu aliniachia. Miaka yote hiyo, hata kwenye matanga yake mwenyewe, aliniachia nafasi. Nikaisema kwa Kijita kwanza, kama ilivyotoka kwake, kisha kwa Kiswahili, na sikuipunguza. "Anasema, yameshatoka mara mbili, mnataka nikapike kwa nani humo ndani? Anasema, mume wangu ananisikia nikiingia na kutoka, ataniita mwongo. Anasema, hawa hawajui, lakini wewe unajua. Waambie, Nyangeta." Nikawaambia kwamba Nyangeta ni mimi, kwamba mfasiri alisema amekubali, na kwamba hapakuwa na furaha yoyote katika machozi yale. Yule msichana alikuwa amefunika mdomo kwa kanga.

Maiga alikuwa wa kwanza kusema, na alisema kwa upole, simu yake ameshainyanyua mbele ya uso wangu. "Samahani, bibi, nilikuwa sijawa tayari. Rudia tena kuanzia mwanzo, hapo hapo ulipokaa."

Nilivuta beseni, nikanawa mikono.

"Nimeshasema," nikamwambia. "Sirudi."